Kitabu Kwenye Kikapu cha Bikira Maria

Kila nikipita sokoni Sumbawanga na kuona vile vitabu vya kujiamini vimepangwa kwenye turubai, vya kushinda hofu, vya kuamsha nguvu iliyo ndani yako, nacheka peke yangu. Halafu namshukuru Mungu. Kimoja nilikinunua mimi, kikaniumbua mbele ya jumuiya yetu nzima ya kanisani, na sijajuta.

Nilikinunua mwaka niliofeli mtihani wa maarifa, ule wa sisi watu wazima tunaosoma jioni, unaolingana na kidato cha pili. Sikumwambia mtu. Nyumbani walikuwa wanajivuna mno. Akija mgeni, kabla hajakaa mume wangu ameshamwambia, "Huyu mama ni mwanafunzi." Watoto waliniachia meza nisomee. Sasa ningeanzia wapi? Nikasema matokeo yamechelewa. Jumanne na Alhamisi nikaendelea kutoka na mkoba wa madaftari, lakini darasani siendi. Nakwenda kanisani, nakaa benchi la nyuma mpaka muda wa kipindi uishe, ndio narudi. Nyumba ya Mungu nimeigeuza maficho, na bado naweka ishara ya msalaba nikitoka.

Kitabu kile kilikuwa na ukurasa wa mistari mitupu. Kilisema andika jambo moja usilotaka mtu alijue, ukishaliona kwenye karatasi litapungua. Nikaandika: Nimefeli, na nadanganya kwamba nasoma. Halikupungua hata kidogo. Nikakifunika kwa kitambaa cheupe, nikakiweka juu ya kabati, kwenye vitu vya ibada.

Ukafika mwezi wa Rozari. Kwetu sanamu ya Bikira Maria inapita nyumba kwa nyumba. Mnasali kwenu leo, kesho jioni inabebwa kwenye kikapu kwenda kwa jirani. Kwetu ililala Jumatano. Alhamisi walipokuja kuichukua, mimi niko "darasani". Binti yangu akafunga kikapu: sanamu, rozari, kitabu cha sala, na kile changu. Angejuaje? Kilikuwa na kitambaa cheupe.

Ijumaa asubuhi nikakitafuta, sikioni. Binti akanieleza kilivyoondoka na kikapu. Nikaenda mbio kwa bibi mmoja mjane, nyumba iliyofuata baada yetu. Nikamkuta anapepeta ulezi na mwenyekiti wetu wa jumuiya, mama wa kutoka Mbeya mwenye duka la vitenge.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, bibi."

"Milele amina. Marahaba. Umefuata kitabu?"

"Tulidhani ni novena mpya," akasema mwenyekiti. "Tumekisoma tumepiga magoti, jumuiya nzima."

"Magoti yangu yameniuma mimi!" bibi akadakia. "Nikawauliza, huyu mtakatifu anayetaka watu waamke alfajiri wakimbie mchakamchaka, ni mtakatifu wa jeshi?"

Wakacheka mpaka ulezi ukamwagika. Mimi sikuweza.

"Na ule ukurasa wa mistari?"

Mwenyekiti akaweka ungo chini. "Tumeusoma, mwenzangu. Kabla hatujajua ni kitu gani, maneno yameshatoka. Na mwandiko kila mtu anaujua. Katibu wetu si wewe? Orodha za zamu ya usafi anaandika nani?"

Nikakaa chini palepale nikalia. Bibi akaniuliza, "Unalia nini? Mimi darasa la ngumbaru nimelitoroka mara tatu, nikajificha kwenye mahindi. Wewe angalau umejificha kanisani." Akanifutia uso kwa kanga yake. "Mumeo hatujamwambia. Hilo la kwako. Ila usipolisema, hata ukirudi darasani utatoroka tena."

Wale akina mama wa jumuiya, jioni ya jana yake tu, walikuwa wamelijua jambo langu lote. Na asubuhi ile nilipokuwa nakimbia njiani, kila niliyekutana naye kati yao alinisalimia kama siku zote.

Nikamkuta mume wangu anachonga mpini wa jembe. Nikamweleza nikiwa nimesimama, nisije nikakaa nikashindwa. Akaendelea kuchonga. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo jioni zote zile ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa nakaa tu."

"Si ungetuombea hata mvua, mama!"

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka, nikajua nimemuumiza. Nikamwomba msamaha. Jumanne akaubeba mkoba wangu yeye mwenyewe, akanisindikiza mpaka mlangoni mwa darasa, akasimama pale mpaka akaniona nimekaa. Mwalimu alinionyesha tu ukurasa waliofikia.

Mtihani nikaurudia. Masomo mengine nilipita, Hisabati ikanigomea tena. Matokeo niliyasoma mezani kwa sauti, mume wangu na watoto wote wapo, na nilianza na Hisabati.