Daftari la Skauti Nililolichoma

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyolitia motoni daftari la Amisi, mtoto wangu wa kwanza. Tulikaa Lusangi, wakati wa Wabelgiji, na kila nyumba ililazimishwa kulima pamba. Baba yake, kwa ukaidi wake, alipanda karanga katikati ya shamba la pamba. Angejulikana, angechapwa fimbo na kufungwa.

Ndipo Amisi akaingia skauti shuleni. Akaja na kamba ya kujifunzia mafundo, na daftari, wenyewe wakiliita kaye. Kila jioni aliandika. Mimi kusoma sijui. Nikamwuliza anaandika nini.

"Mambo ya nyumba yetu, mama. Mwalimu anataka kuona."

Mambo ya nyumba yetu! Wewe ungetulia? Mwalimu yule nilimwona mtu wa Wazungu tu. Na kwetu mvulana akiwa jandoni, mama haulizi wala hasogei kambini; nami nikaona skauti ni jando lao. Sikuuliza tena, nikabaki kuchungulia. Siku moja nikamwona akihesabu hatua kandokando ya shamba letu, kisha akaandika. Moyo ukanipasuka. Alipokwenda mtoni, nikalichoma daftari.

"Mama, kaye yangu iko wapi?"

"Sijaiona."

Akanitazama, akatazama jiko. Jumapili wenzake walikula ahadi ya skauti, wakavishwa skafu. Yeye, kwa kukosa daftari, alisimama nyuma, shingo tupu.

Kesho yake mwalimu akaja nyumbani kwetu.

"Mama, mutoto anasema alipoteza kaye. Mie siamini. Mule aliandika kazi anayowasaidia hapa. Ilibaki wewe utie kidole cha wino mule, useme iko kweli."

"Na zile hatua za shambani?"

"Tunawafundisha kupima kwa miguu, mama. Ni hiyo tu."

Aibu ilinishika. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeichoma."

Amisi alikuwa mlangoni. "Mama, uliwaza mie nitamuuza baba?"

Alipewa daftari jipya, akaanza upya. Nilimshikia ncha ya kamba akifunga mafundo, nikatia kidole kwa kila kazi niliyoiona, na siku ya ahadi tulikwenda wote wawili, mimi na baba yake. Skafu aliivaa. Lakini tangu hapo hakuandika mstari bila kunisomea, polepole, bila mimi kumwomba. Kila aliponisomea niliumia.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto wako akiingia skauti, shuku ukipenda. Mimi hata leo nashuku. Ila nenda kwa mwalimu wake mchana kweupe, ukaulize kwa mdomo wako. Kaa naye anapofunga mafundo yake, na siku ya ahadi akuone pale. Usimpekue kwa siri. Atajua, nawe utamkosa akiwa bado yumo nyumbani mwako.

Mungu akutunzie wanao, wakusimulie mambo yao kwa kupenda, wasikusimulie kwa hofu.