Michungwa Tisa ya Bwana Feruzi

Siku ile Akida wa serikali alipopanda mlimani kwetu na daftari lake tulikuwa watu saba, na wote nawakumbuka majina isipokuwa yeye mwenyewe, maana sisi tulimwita Akida tu na hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Alikuwepo bibi yangu Mwanaidi, mzaa mama, mwenye bustani ile. Aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa mama yake, kwa kuwa kwetu Waluguru ardhi inapita kwa wanawake. Alikuwepo mama yangu Zainabu, binti pekee wa Bibi. Alikuwepo Mjomba Kobelo, kaka yake mama, msemaji wa ukoo, mtu mrefu mwenye kikohozi. Alikuwepo jirani yetu mpya Bwana Feruzi, Mnyamwezi, askari mstaafu wa Wadachi, yaani Wajerumani, na mkewe Tatu. Na mimi Asha, mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameota upya. Baba yangu Salumu hakuwepo. Alikuwa kwenye mashamba ya mpira huko chini, akirudi kwetu mara moja kwa mwezi, na akirudi analala tu.

Nikiikumbuka siku ile, harufu ndiyo inayotangulia, sura zao zinafuata nyuma. Harufu ya majani ya maboga yaliyokanyagwa, udongo mweusi uliolowa, na majivu ya jikoni ambayo Bibi aliyamwaga kwenye mashina kila asubuhi. Bustani yake ilikuwa juu ya mji wa Morogoro, upande wa mlima Bondwa, mahali ambapo maji yanashuka mawe kwa mawe mwaka mzima. Alikuwa amechimba mfereji mdogo kuyavuta, na chini ya mfereji ndipo palipokuwa na magimbi, miwa, kunde, mchicha na migomba pembezoni. Juu ya mfereji palibaki kipande kikavu alichokipumzisha. Mfereji ule ukikatwa, bustani yote inakufa kwa wiki mbili. Tulilijua hilo hata sisi watoto, na tulipigwa kwa kuurukia tu.

Bwana Feruzi alikuja mwanzoni mwa masika moja, akichechemea, mke nyuma yake na mkeka kichwani. Alisema amehamishwa kutoka boma hadi boma kwa miaka mingi, risasi imemharibu goti, sasa anataka mahali pa kufia. Mjomba akamwambia, "Karibu mtani. Wanyamwezi wote wanapita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani. Wewe mzigo wako umeutupa wapi?" Akajibu, "Nimeutua hapa kwenu, enyi mnaolala na mawingu. Kama mnaogopa jua, nitawafundisha." Bibi akacheka, na Bibi hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Akampa kile kipande kikavu cha juu ya mfereji. Feruzi naye akaleta kuku na kikapu cha mahindi, kitu tunachokiita ngoto, ambacho mgeni anampa mwenye ardhi kila mavuno ili isisahaulike ardhi ni ya nani. Masharti aliambiwa mbele yetu: ajenge kibanda cha miti na udongo, alime mahindi na maharage, lakini asipande mti wa kudumu. Kwetu mtu akipanda mti amekwisha kusema kwamba hapo ni pake.

"Hata mpapai?" akauliza.

"Mpapai panda," alisema Bibi. "Huo utakufa kabla yako."

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Tatu alijifunza kwa mama kuyafunika mashina ya magimbi na majani makavu, na mama alijifunza kwake kupika ugali wa mtama. Lakini kiangazi kilipoingia Bwana Feruzi alianza kukusanya mawe. Kila siku jiwe moja, mawili, akiyabingirisha kwa mti. Halafu akachonga vigingi, akavuta kamba, akachora nyumba ardhini. Aliniita nione. "Hapa sebule. Hapa chumba changu na mama yako Tatu. Hapa baraza, nikae nione treni ikiingia mjini." Ilikuwa nyumba ya pembe nne, ya mawe, kama ya boma. Sisi tuliishi kwenye nyumba za msonge, nami niliingia ndani ya ile kamba nikasimama katikati ya sebule nikaona ni ajabu. Lakini baraza ilivuka mfereji. Kamba ilipita juu ya maji yetu, na kigingi kimoja kilisimama kwenye mchicha wa Bibi.

Bibi alikiona. Hakuking'oa. Alikuja kila asubuhi, akamwagilia pembeni yake, akaondoka. Nilimuuliza mama kwa nini Bibi hasemi, akaniambia, "Atasema nini, na mambo yenyewe ndiyo haya?" Mambo yenyewe yalikuwa maneno aliyoleta Mjomba kutoka stesheni. Wadachi wanapima ardhi kwa minyororo. Ardhi isiyo na nyumba wala miti inaitwa pori, na pori ni la serikali, na la serikali anapewa mzungu wa mkonge. Maneno mengine yalikuwa ya vita: eti huko kwao Ulaya wanagombana, na wakigombana kule watakuja kupigana huku. Watu wazima walikuwa wamechoka kabla ya lolote kutokea. Walikaa wakimenya maharage bila kuzungumza, na mtu akikohoa njiani wote wanainua vichwa.

Nadhani uchovu huo huo ndio uliomfanya Bwana Feruzi ashuke mjini akarudi na miche tisa ya michungwa kwenye makopo. Alikuwa ameyasikia maneno yale yale ya stesheni. Alitaka Akida akija kuandika akute nyumba na miti, asimhamishe tena. Lakini goti lake lilikuwa halikunjiki. Kuchimba aliweza kwa kuegemea jembe, kuinama kuushika mche hakuweza, na Tatu siku hiyo alikuwa na homa. Akaniita. "Mjukuu, mikono yako iko karibu na ardhi kuliko yangu. Nisaidie."

Nilijua mgeni hapandi mti. Lakini alikuwa na kipande cha sukari guru kwenye kiganja, nami nilikuwa mtoto. Nikaipanda kandokando ya mfereji jinsi Bibi alivyonifundisha kupanda kwenye mteremko: unaweka ukingo mdogo wa udongo upande wa chini, mfano wa bakuli lililokatwa nusu, maji yasikimbie. Nilipanda saba. Kisha nikamsikia mama akiniita, nikakimbia na sukari yangu mdomoni. Nilipogeuka nilimwona Bwana Feruzi amelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, anaupanda wa nane mwenyewe. Wa tisa pia aliupanda mwenyewe. Aliirundikia udongo kichuguu, kama mtu wa nchi tambarare anavyofanya. Sikumwambia mtu yeyote, na Bibi aliipita miche ile kila asubuhi kama alivyokipita kigingi. Wiki tatu nilikula bila kuhisi ladha.

Ndipo akaja Akida. Alikuwa mtu wa pwani, kanzu nyeupe, amekerwa na kupanda mlima. Mama alimpa maji, akayanywa amesimama, akafungua daftari. "Haya. Cha nani hiki?"

Bwana Feruzi akajibu kabla ya Mjomba. "Changu, Akida. Mawe ni yangu, na miti ile tisa ni yangu. Nimeitumikia serikali hii kwa mguu huu."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa ameshika kibuyu cha kumwagilia, kimeinama hata maji yakawa yanadondoka kwenye vidole vya miguu yake. Baraza ile ikiandikwa, mfereji unaandikwa nayo. Mjomba akakohoa, akasema, "Akida, mawe ni yake kweli. Ameyabingiriza, tumemwona. Lakini mti hatuulizi nani ameununua. Tunauliza nani ameushika ukiingia ardhini. Bwana Feruzi, wewe na goti hilo, uliinama vipi?"

Bwana Feruzi akashika goti lake. Tatu akatazama chini. Nikasikia sauti inasema "Mimi," na ilikuwa yangu.

"Wewe nani?" akauliza Akida.

"Asha. Nilipanda mimi."

"Yote?"

Bwana Feruzi alikuwa ananitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mzigo upandishwe begani. Michungwa miwili aliyoipanda yeye ndiyo iliyokuwa karibu kabisa na mdomo wa mfereji, pale maji yanapoingilia. Nikasema, "Yote."

"Feruzi, ni kweli?"

Aligeuka akaitazama ile michungwa miwili. Angeweza kusema. Maneno ya askari mstaafu na ya mtoto wa kike wa mlimani, unadhani Akida angechukua yapi? Mwishoni akasema, "Mtoto amekwisha kusema."

Akida akacheka, maana na kwao pwani mti ni wa aliyeupanda. "Umewanunulia Waluguru michungwa, mzee. Watani zako wamekula." Akaandika kuwa kipande ni cha ukoo wa Mwanaidi na kina miti tisa, akafunga daftari, akaenda. Hivyo ardhi yetu ikawa si pori kwenye macho ya serikali, na kilichotuokoa ni miti ya Bwana Feruzi. Ilichukua miaka mpaka nikalielewa hilo.

Alipoondoka, Bibi alipita mche kwa mche, mimi nyuma yake. Alifika kwenye ule wa nane akasimama. Akagusa kile kichuguu kwa kidole cha mguu. "Saba nimeujua mkono," akasema polepole. "Hii miwili si mkono wangu." Nikaanza kulia. Hakunipiga, na ningependa angenipiga. Alimwendea Bwana Feruzi akamwambia, "Jenga, mtani. Jenga kwa mawe yako, ila rudisha kamba upande wa juu wa mfereji." Naye akajibu, "Nitajenga kesho, mama. Leo nimechoka." Kisha Bibi akaniambia mimi, mbele ya wote, "Hii miwili utaimwagilia, na itakapozaa utachuma, utampelekea Tatu kikapu kabla hatujaonja yetu. Kila mavuno." Mama alishangaa, maana ngoto analeta mgeni, haiendi kwa mgeni.

Bwana Feruzi alifikisha ukuta magotini. Vita vikaja kweli, na Wadachi wakawakusanya hata wastaafu wenye miguu mibovu kusimamia wapagazi. Aliondoka asubuhi moja, kamba yake ameikunja vizuri akampa Tatu. Askari wa upande mmoja walipita wakala mihogo, wa upande wa pili wakapita wakala magimbi, na mawe ya nyumba yakachukuliwa kuziba mashimo ya barabara. Hatukupata habari yake tena. Michungwa ilizaa mara ya kwanza baada ya Waingereza kukaa. Machungwa yenyewe madogo, makali, yenye mbegu nyingi. Nikachuma ya miti miwili nikampelekea Tatu. Akashika moja, akalinusa, akaliweka kwenye kidirisha mpaka likakauka. Mengine alikula.

Nilimpelekea mpaka alipokufa, na wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na wajukuu. Aliishi kwetu miaka yote ile. Tulimzika pale sebuleni, ndani ya mistari ya ile kamba, kwa sababu alijua kabisa ilipita wapi na alituonyesha kabla ya kufa.

Sasa nimezeeka kuliko Bibi alivyokuwa. Kuandika nimejifunzia darasa la kisomo cha watu wazima juzi juzi, mkono bado mzito. Juu ya mfereji anajenga jirani mwingine, kijana mwenye adabu, shikamoo kila asubuhi, na amekuja na karatasi yenye mhuri. Ramani ya nyumba amenionyesha kwenye karatasi pia, si ardhini kwa vigingi, kwa hiyo sikuweza kuingia ndani yake nisimame. Baraza inafika majini. Wakubwa wanatangaza mambo ya vijiji na kuhama, redio inasema hivi leo na kesho vingine, na watu wanakaa wakimenya maharage bila kuzungumza. Hiyo nimeitambua. Kilichobadilika ni swali. Juzi bwana mmoja wa ofisini aliniuliza kama nina karatasi yenye sahihi ya mtu, nikamwambia nina mti. Hakuniuliza nani aliushika ukiingia ardhini. Angeniuliza, sijui safari hii ningejibu nini, maana Mjomba hayupo wa kuniulizia vizuri na Bwana Feruzi hayupo wa kunyamaza.

Imebaki mmoja tu, ule wa tisa, na kichuguu chake. Unazaa bado. Machungwa yake siyali. Nayachuma, nayaweka kwenye kikapu mlangoni, wapita njia wanachukua. Labda nimekosea. Labda nilipanda sita, akapanda mitatu yeye, maana nilikuwa na sukari mdomoni na akili ya mtoto. Wa kunisahihisha alikuwa Tatu, aliyesikia kwa mumewe. Kama huko Unyamwezi kuna mtu wa ukoo wa yule Feruzi mwenye goti bovu, na yeye alisikia vingine, asiniandikie. Aje aseme hapa, mbele ya mti, na kikapu kitakuwa mlangoni.