Tulimsafishia Bibi Shamba

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la kikundi chetu, maana huku Sumbawanga tunajuana mpaka kwa mwendo. Mimi ni mama wa miaka 38, nina mume na watoto watatu, naishi Milanzi, nauza nguo za watoto. Ni katibu wa kikundi cha akina mama, tuko kumi na sita. Naandika haya nikiwa na kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu yangu mwenyewe.

Kila mwaka tuna siku yetu ya matendo mema. Mwaka huu, mwezi wa nane, mwenyekiti wetu akasema twende tukamwandalie shamba bibi mmoja mjane, kijiji cha huku huku juu Ufipa, si mbali na mjini. Bibi huyo anaishi peke yake, mguu mmoja unamsumbua, anatembelea fimbo. Basi tukashona sare, tukachapisha bango lenye jina la kikundi. Mpiga picha tulimtafuta kabla hata hatujanunua sabuni na sukari za kumpelekea bibi mwenyewe.

Tulipofika alitupokea kwa kupiga magoti na kupiga makofi taratibu, salamu ya Kifipa yenyewe, na mguu wake ule ule. Nikamsalimia Kifipa, nikamwinua. Shamba liko nyuma ya nyumba, na lilikuwa limejaa ntumba. Kwa wasiojua, sisi Wafipa mvua zikikaribia kuisha tunakusanya nyasi za shambani na kuzifukia kwa udongo, vinakuwa vilima vya mviringo shamba zima. Juu yake unapanda maharage. Ndani nyasi zinaoza taratibu mpaka mvua nyingine zije, hapo unavitawanya na kupanda mahindi. Ndiyo mbolea ya mtu asiyeweza kununua ya dukani. Bibi alizitengeneza zote kwa jembe la mkono, mguu ukikataa anakaa chini analima amekaa.

Mwenyekiti wetu si mwenyeji, kaja huku kwa kazi ya mumewe. Aliangalia shamba akaguna. "Jamani, hili ni shamba au makaburi? Bibi wa watu anaishi kwenye uchafu! Tubomoe haya yote, majani tuyatoe tuyachome, pabaki pasafi."

Wenzangu, nusu yetu ni Wafipa. Tumelelewa kwa mahindi ya ntumba. Tuliangaliana pale, mmoja akakohoa, mwingine akainama kufunga kitenge ambacho wala hakikuwa kimelegea. Hakuna aliyetaka kuonekana mshamba mbele ya mwenyekiti na kamera. Tukashika majembe, na mimi nikashika la kwangu.

Bibi akanisogelea, nadhani kwa sababu nilimsalimia kwa lugha yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hamwezi kuniachia hata hizi za upande huu? Nimezilima na mguu huu huu."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Bibi, watu wametoka mjini kwa ajili yako, usiwavunje moyo."

Akasema, "Haya mwanangu, asanteni." Akaenda kukaa kwenye kigoda chake, anaangalia moshi. Zile nyasi zilikuwa bado na unyevu, hata kuwaka hazikutaka, zilifuka tu mpaka jioni. Mpiga picha akamwomba atabasamu, bibi wa watu akatabasamu. Kwenye picha hiyo mimi niko nyuma yake, nimemshika bega, meno yote nje. Picha ilivyopostiwa, watu wakajaa kutuandikia Mungu awabariki, mna mioyo ya dhahabu. Kila nikifungua zile komenti nazima simu.

Baadaye nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake nikamweleza kila kitu. Nikamwambia angalau tuchange tumnunulie mbolea kabla ya mvua, na tumwombe radhi. Akacheka. "Dada katibu, mtu kasaidiwa, kashukuru, wewe nani umlilie? Tenda wema nenda zako." Kwenda zetu kweli tulienda, tena tukiimba kwenye gari.

Sasa Jumapili hii kuna hafla, kikundi kinapewa cheti kwa kuhudumia wajane. Mimi ndiye nitakayesoma taarifa mbele ya wageni. Imeshaandikwa, tena kwa mkono wangu, kwamba tulimsafishia bibi shamba lake lote. Nikisema ukweli nitaitwa mnafiki, kwa sababu jembe nilishika. Na kikundi hiki ndicho kilicholala nami wodini kwa zamu mtoto wangu wa mwisho alipolazwa, hilo siwezi kulikana. Lakini nikinyamaza, mvua ziko karibu, na yule bibi atapanda kwenye udongo mtupu. Mwakani njaa itabisha hodi kwake, sisi tumetundika cheti ukutani.

Nilikuwa najishauri ninyamaze yaishe. Ila juzi mama mmoja anayeleta mboga sokoni kutoka kijiji cha yule bibi akaniletea mfuko. Bibi ametuma maharage, ameyavuna juu ya zile ntumba kabla hatujaenda kuzibomoa. Na salamu juu: "Mwambie mwanangu agawane na wenzake, nilikosa cha kuwapikia siku ile."

Mfuko uko jikoni, siku ya tatu leo. Mume wangu anauliza mbona siyapiki, nazuga kuwa mkaa umeisha. Ndugu zangu, msinitukane sana, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu, Jumapili nikipewa kipaza sauti nisome nini? Na haya maharage, nayala kwa mdomo gani?