Benchi la Bibi Ndani ya Karavani

Mdogo wangu kanunua karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari. Ana watoto watatu na kazi ya ofisini inayomtoa roho, na bado kaona mzigo haumtoshi. Tangu Jumamosi ananitumia jumbe za sauti: dada, matairi niyaangalie vipi, dada, gesi naifunga lini, dada, kipi kiwe mbele na kipi nyuma. Nazisikiliza kwenye foleni ya magari ya kurudi nyumbani, nimechoka hata redio siitaki, na ninamjibu kwa kifupi. Ananiuliza mimi kwa sababu Baba hataki kuulizwa. Wewe rafiki yangu wa zamani unaijua karavani yetu, ulikuwa ukipita kwetu ukaikuta inaoshwa. Yote ninayoyajua nimeyajulia humo.

Ilikuwa nyeupe, ina mstari wa kahawia, na mahali pake palikuwa ubavuni mwa nyumba yetu ya Mawaleh, hapa Maskati. Fundi mmoja wa Darsait alituchomelea chuma cha kuvutia nyuma ya gari, akampa Baba na wosia juu yake: vitu vizito vikae usawa wa magurudumu au mbele yake kidogo, usirundike nyuma, itakuyumbisha. Wosia ule haukumfikia Bibi. Bibi, mamake Baba, alikuja Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na hakuwa mtu wa kusafiri bila jiko la mkaa, gunia la mchele, mbuzi ya kukunia nazi na nazi zenyewe, tulizozinunua soko la matunda pale karibu na nyumbani. Safari ya kwanza vyote vilipangwa nyuma kabisa, kwani ndiko kulikokuwa na nafasi. Kufika barabara kuu, karavani ikaanza kutupa mkia huku na huku, Baba akasimama pembeni, tukahamisha nazi moja moja na malori yanatupita. Soko lenyewe siku hizi limeshahama.

Nilizipenda zile asubuhi za baridi ufukweni, nakwambia kweli. Kazi yetu watoto ilikuwa kuweka mawe chini ya magurudumu kabla gari halijafunguliwa kwenye karavani, kujaza tangi la maji, na kufagia mchanga usiokwisha. Gesi inavuma, chai ya maziwa inanukia iliki, mandazi ya jana yanapashwa moto juu ya kifuniko cha sufuria, na Bibi yuko mlangoni anakuna nazi. Akisema chakula kisicho na mchanga hata chembe si cha safari, ni cha nyumbani.

Shida ilikuwa magoti yake. Bibi alikuwa akisali kwa kukaa, na nje hakutaka, kambi za jirani zimejaa wanaume. Alitaka stara yake. Ndani palikuwa na benchi moja tu, limefungwa ukutani upande wa kushoto, mbele yake jiko, na pa kuweka kiti hapakuwapo. Kwa hiyo ili Bibi aelekee kibla, ilibidi karavani nzima igeuzwe. Kwenye ufukwe wetu bahari iko kaskazini na kibla magharibi. Ukiingia kwa mbele, kama walivyoingia watu wote, benchi linatazama mashariki. Baba ilimlazimu aingie kinyumenyume, nyuma ya karavani itazame bahari. Siku moja nilimwambia Bibi si ageuke tu kidogo pale alipokaa.

"Nigeuke vipi, mjukuu wangu? Miguu niipitishe ukutani?"

Kurudisha karavani nyuma ni adhabu. Ukikata usukani kulia, yenyewe inakwenda kushoto. Fundi alimfundisha Baba aushike usukani kwa chini, kisha mkono aupeleke upande anaotaka karavani iende, na hilo ni la kweli mpaka leo. Ila sisi tulishuka sote kumwelekeza. Mama anasema kulia, shangazi anasema yasar, yaani kushoto kwa Kiarabu, watoto tunapiga bas, bas, na Bibi ndani ya gari anasoma dua kwa sauti. Nimemwambia mdogo wangu achague mtu mmoja wa kumwelekeza na wengine wote wafunge midomo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, mdogo wangu hata kusema hajajua vizuri, tulipotoka siku moja Baba akiwa ametoka kazini moja kwa moja. Alijaribu mara nne kuiingiza kinyumenyume. Mara ya nne gari likazama mchangani, tukalifukua kwa sufuria. Lilipotoka, akaiingiza karavani kwa mbele, akazima gari.

"Leo sali hivo hivo, Mama," alisema, wala hakumtazama. "Mungu anajua."

Bibi alikwenda kwenye gari, akafungua mlango wa dereva uliokuwa upande wa magharibi, akakaa kwenye kiti cha Baba, miguu nje, akasali pale, na kambi nzima ya jirani inamwona. Mimi niliona haya, nikajifanya nafagia.

Mwaka uliofuata, tulipoanza kujaza tangi, alisema, "Nendeni. Mie nnachoka." Tukaenda. Tulimletea samaki. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Tuliona kachoka kweli, wazee huchoka. Baada ya misimu miwili ya baridi akafariki. Tangu hapo karavani haikutoka tena. Matairi yalipasuka kwa jua palepale ilipokaa, mwisho akaja mtu wa vyuma chakavu akaivuta.

Jana nikitoka kazini nikapita Mawaleh. Karavani ya mdogo wangu imeegeshwa kwenye kiwanja kitupu mkabala na nyumba, na Baba kakaa langoni na mkongojo wake. Siku hizi na yeye anasali kwenye kiti. Nikamuuliza kama Alhamisi tunakwenda naye ufukweni.

"Nendeni," alisema. "Mie nnachoka."

Mdogo wangu, aliyekuwapo pale karibu, akasema basi, apumzike. Mimi nikabaki nimesimama na mkoba begani. Nilitaka kwenda kwangu nikalale, mgongo ulikuwa unaniuma tangu asubuhi. Nikaingia kwenye ile karavani, nikatazama benchi limefungwa upande gani, nikatoka, nikamwambia mdogo wangu awashe gari. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ashike usukani kwa chini na anisikilize mimi peke yangu.

Mara ya kwanza tuliharibu. Ya pili nusura tuuguse ukuta wa jirani. Ya tatu ikakaa sawa, benchi linatazama kibla. Baba alikuwa ametutazama muda wote. Akainuka, akavuka njia polepole, akapanda kidato, akakaa kwenye benchi na mikono juu ya magoti. Nilidhani atatusema kwa kelele zetu.

"Siku ile ningelirudi nyuma mara moja tu nyengine," alisema, "Mama asingelichoka."