Mwaloni wa Mwenye Nyumba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwaga ndoo za maji ya klorini chini ya mti wa mwenye nyumba. Ilikuwa lokdauni ya kwanza ya korona. Mama alikuwa akihudumia wazee kwenye makao yao huko Auburn. Mimi nilikuwa nimepoteza kazi ya bohari, nikabaki nyumbani, hapa ugenini Penrith, nikiosha vitasa, pakiti za maziwa, hata ndizi. Nikihisi nimeruka kitasa kimoja, narudia vyote. Maji yaliyobaki niliyamwaga uani, kwenye shina la mti huo, mwaloni.

Tulipohamia, mwenye nyumba alitupa sharti moja: tuutunze mti ule. Ulipandwa na marehemu mkewe.

Mwezi wa Mei majani yakaanza kuwa mekundu, yakawa kahawia, yakaanguka. Mikaratusi ya jirani ilikuwa kijani vilevile. Sijasoma chuo, ninachokijua nimejifundisha kwenye simu. Nikasoma kwamba mwaloni wa aina ile, wenye majani ya ncha kali, asili yake ni mabonde yenye maji ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, na kwamba hupukutika Oktoba na Novemba. Oktoba! Basi nilikuwa nimeuua, na tungefukuzwa wakati ambao hakuna aliyemfungulia mtu mlango. Kila asubuhi niliyaokota majani na kuyaficha kwenye mifuko ya taka kabla Mama hajatoka.

Akanikuta. "Unaficha nini hapo?"

Nikamweleza.

"Wewe! Hata mti umeuosha?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipa simu. "Mpigie mwenye nyumba. Leo hii."

Nilimpigia, nikamweleza yote.

"Kijana, huko mti huo unakotoka baridi huanza Oktoba," alisema. "Huku kusini mwa dunia inaanza sasa. Mti umelala tu." Kisha akauliza, "Hiyo klorini ilikuwa nyingi?"

"Nyingi."

"Umwagilie maji safi. Tusubiri."

Kwetu Kenya tuna mvua na kiangazi. Sikuwahi kuwaza kwamba Mei ya huku ni Novemba ya kwingine. Nilisubiri kwa hofu kipupwe chote, nikikagua matawi kila siku.

Septemba machipukizi yakatoka, isipokuwa kwenye tawi la chini, upande wa ndoo zangu. Mzee mwenye nyumba alikuja na barakoa yake akalikata mwenyewe. Hakutaja kutuhamisha.

Siku hizi maji ya klorini nayamwaga chooni, na jambo likinitisha namwuliza mtu kwanza, kabla ya kutafuta majibu kwenye simu.