Breki ya Kumi na Nne

Mwongeli hakuwa mtu wa maneno mengi. Katika karakana yake ndogo pale Kenyatta Market, nyuma ya saluni, wateja walizoea kumsemesha mara mbili ndipo awajibu mara moja, na jibu lenyewe lilitoka likiwa limepimwa kama anayekaza boli. Alikuwa amesoma miaka miwili katika chuo cha ufundi, akaongeza mitano ya kuinamia magurudumu ya watu, na hakupenda kusema jambo asilokuwa na hakika nalo.

Baiskeli mpya ya mhasibu mmoja, Bwana Balwant Singh, ilimfikia siku ya Ijumaa ikiwa na kasoro moja tu. Kila mhasibu huyo alipofunga breki, diski za breki kwenye magurudumu zililia kama mbuzi anayeburutwa machinjoni, hata walinzi wa ofisi yake kule Upper Hill wakawa wanamjua kwa sauti kabla hawajamwona. Mwongeli alinusa gurudumu, akajua. Mtu alikuwa ameing'arisha baiskeli nzima kwa dawa ya kung'arishia makochi, na diski nazo hakuzisaza. Akazisugua kwa spiriti, akazikwangua kwa msasa pedi zinazobana diski, akalegeza boli mbili na kubana breki ili pedi zijiweke sawa, ndipo akakaza. Ikabaki kazi ambayo mafundi wengi huiruka: kuzizoesha pedi na diski kushikana. Kasi, kisha breki kali hadi karibu kusimama, mara ishirini. Ukiishia njiani, kelele hurudi.

Kwa hiyo Jumamosi, saa nane mchana, aliipeleka kwenye mteremko wa Upper Hill wakati ofisi zimefungwa na magari ni ya kuhesabu. Aliteremka mbio, akabana. Akapanda, akateremka, akabana. Kufikia ya kumi, kilio kilikuwa kimekwisha. Hakuwaza hata kidogo jinsi alivyoonekana: msichana mwenye ovaroli iliyochakaa, juu ya baiskeli ya bei ya pikipiki, akikimbia na kugeuka, akikimbia na kugeuka.

Breki ya kumi na nne ilimfikisha mbele ya lango la ofisi ya Balwant, alipokuwa Macharia, mlinzi aliyekuwa akiitunza baiskeli hiyo kila siku ya kazi.

"Wewe! Simama hapo! Hiyo baiskeli ni yako?"

Mwingine angesema ndiyo, akapita zake. Mwongeli alisimama, akashuka, akalijibu swali kama lilivyoulizwa.

"Hapana. Si yangu."

Neno la pili hakulipata. Rungu lilitua begani, baiskeli ikaanguka upande mmoja na yeye upande mwingine.

"Mwizi!" Macharia alipaza sauti. "Mwizi wa baiskeli ya Singh!"

Ng'ambo ya barabara walikuwapo waendesha bodaboda wakipiga soga. Walivuka wote kwa pamoja. Teke la kwanza lilimkata pumzi, la pili likambiringisha, na rungu likamshukia mgongoni, mara moja, mara mbili. Buti lilikanyaga nywele zake ili kichwa kisitoroke.

"Mimi ni fundi!"

"Ndiyo, fundi wa kuiba!" mmoja akamjibu, na wenzake wakacheka huku wanapiga. "Cheki mikono imejaa grisi. Hiyo si ya kukata kufuli?"

"Siku hizi hata wasichana wasupa wameingia hii kazi."

Rungu la nne lilimpata mdomoni. Alihisi jino likilegea na damu ya moto ikiteremka kooni. Aliielewa hesabu: akizidi kulia, watampiga zaidi, na hapakuwa na mtu hapo wa kumwamini ila huyu aliyeshika rungu. Akamtafuta Macharia kwa jicho moja lililokuwa bado wazi.

"Mpigie Bwana Balwant. Namba yake unayo."

Macharia alisita. "Sina kredo ya kupiga."

"Tuma ile meseji ya tafadhali nipigie. Ni ya bure."

Labda ni utulivu wa sauti ile uliomfanya atoe simu. Akabonyeza, akaituma. Wenzake hawakuwa na subira hiyo.

"Tunangoja nini? Mvunjeni mkono, asishike cha mtu tena!"

Mwenye jaketi la rangi ya machungwa aling'oa tofali la kando ya barabara. Wawili walimvuta Mwongeli mkono wa kulia na kuulaza juu ya ukingo. Simu ikalia.

"Ngojeni!" Macharia alipiga yowe. "Ngojeni kwanza!"

Tofali lilikuwa limekwisha kushuka. Mwongeli alivisikia vidole viwili vikivunjika kabla hajasikia uchungu, na uchungu ulipofika, alipiga kelele ambayo hata waliomshika iliwafanya wamwachie.

"Macharia, kuna nini?" Sauti ya Balwant ilitoka kwenye spika ya simu, na Macharia akamtajia baiskeli. "Baiskeli yangu? Nimempa fundi. Yule msichana wa Kenyatta Market, Mwongeli."

Pikipiki ya kwanza iliwashwa, kisha ya pili, na kufumba na kufumbua barabara ikawa tupu. Macharia alipiga magoti na kuifunika simu kwa kiganja.

"Dada yangu, woi. Sikujua. Mwambie umegongwa na pikipiki. Nitafutwa kazi, nina watoto wawili."

Mwongeli alitema damu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua simu.

"Bwana Balwant, ni Mwongeli. Breki hazijakamilika, zimebaki sita, usiiendeshe. Mlinzi wako amenipiga rungu mara nne: bega mara moja, mgongo mara mbili, mdomo mara moja. Wa bodaboda, mwenye jaketi la rangi ya machungwa, amenivunja vidole viwili kwa tofali. Namba ya pikipiki yake nimeisoma." Akaitaja, herufi baada ya herufi.

Balwant akajibu: "Usiondoke hapo, binti. Naja na polisi, halafu tunaenda hospitali."

Macharia alikuwa ameliweka rungu chini, mbali naye, kana kwamba si lake.

"Basi mwambie," alinong'ona, "mwambie mimi ndiye niliyetuma ile meseji."

Mwongeli aliupakata mkono wake uliovimba, akamtazama.

"Hilo nalo nitalisema," akamjibu.