Waya wa Kiti cha Mbele

Fundi aliuchomoa waya chini ya kiti cha mbele cha gari la mwanangu, akanionyesha. "Bibi, huu ndio unaoachia kiti kirudi nyuma." Ulinuka grisi. Harufu hiyo naijua.

Baba, mtu mrefu kuliko wote kijijini, alikuwa dereva wa mzungu mmoja wa Newala. Mzungu alikaa nyuma yake, naye alipenda kunyoosha miguu.

"Sogea mbele," alimwambia siku moja, sisi watoto tukilizunguka gari. "Mbele zaidi."

Baba akasogea mpaka magoti yakabana usukani. Kisha akaamriwa auchomoe ule waya kwa mkono wake mwenyewe, asije akakirudisha kiti njiani. "Ndiyo, bwana," akasema. Wakateremka hivyo hivyo hadi Masasi. Wenzangu wakalikimbilia gari wakiimba: chura, chura!

Alirudi jioni akichechemea, waya mfukoni. Nami nilikuwa nimemwaga kata moja ya maji aliyoyapandisha mama kutoka bondeni. Baba hakufoka. Aliukunja waya mara mbili, akauzungushia kiganjani.

"Sogea mbele," akaniambia kwa upole. "Mbele zaidi."